Lori la Vita Katika Karakana ya Nyumbani

Tukitaja vyombo vya vita kuu ya pili, ile ya mwaka 1939 mpaka 1945, watu hufikiri mizinga, manowari na ndege. Ni wachache wanaofikiri lori. Lakini mzinga usio na risasi ni chuma tu, na risasi haziendi kwa miguu yao. Mkate, maji, petroli, dawa, barua za nyumbani, majeruhi wenye kulia kwa maumivu: vyote vilichukuliwa na lori, chombo kile ambacho sisi wa Kongo hukiita kamyo.

Katika nchi ya Uingereza wako watu ambao, siku za mapumziko, hufufua malori hayo ya vita. Si kazi yao ya mshahara. Mmoja ni mwalimu, mwingine mkulima, mwingine ni mzee aliyekwisha acha kazi na kupokea pensheni. Hununua lori lililooza chini ya miti, hulileta nyuma ya nyumba, hulifungua kipande kwa kipande, na baada ya miaka mingi linatembea tena. Leo tunataka kueleza malori hayo yalitoka wapi na jinsi yanavyofufuliwa. Hasa tunataka kueleza neno moja lililo gumu katika kazi hiyo: namna ya kulitengeneza lori la kale bila kulifanya liseme uwongo.

VYOMBO VILIVYOACHWA PWANI

Mwezi wa Mei mwaka 1940 Wadachi waliwasukuma Waingereza na Wafaransa mpaka pwani ya Ufaransa, karibu na mji wa Dunkirk. Tangu tarehe 26 Mei mpaka 4 Juni, meli kubwa na mashua ndogo ziliwavusha bahari askari zaidi ya 338,000. Watu waliokoka, lakini vyombo havikuokoka. Jeshi la Uingereza liliacha Ufaransa motokari karibu 64,000.

Madereva waliamriwa kuziharibu kwa mikono yao wenyewe. Walimwaga mafuta yote ya kulainishia injini, wakaiwasha, wakaiacha ikimbie kwa nguvu mpaka ikakwama. Tufikiri moyo wa dereva aliyeitunza motokari yake miezi mingi, na siku hiyo akasimama kando yake akiisikia inakufa. Hata hivyo nyingi hazikuharibika sana, na Wadachi walizitengeneza na kuzitumia katika jeshi lao.

Basi Waingereza walirudi kwao bila motokari, na adui akiwa ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari. Ilipasa kuunda malori mapya, tena upesi.

LORI LILILOITWA QL

Kiwanda kimoja kilichofanya kazi hiyo ni kile cha Vauxhall katika mji wa Luton, kaskazini ya London. Kilikuwa mali ya General Motors, kampuni ya Marekani, tangu mwaka 1925. Na tangu mwaka 1931 kilikuwa kikitoa malori yenye jina la Bedford. Tarehe 30 Agosti 1940 ndege za Wadachi zilikitupia mabomu, na watu wa kiwanda zaidi ya 30 walikufa. Kazi haikusimama. Mpaka mwisho wa vita kilikuwa kimekwisha toa malori karibu 250,000.

Tutwae mfano wa lori moja lao, liitwalo Bedford QL. Malori yao ya kwanza yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Katika barabara nzuri yalipita vema, lakini katika tope na mchanga yalikwama. Kwa sababu hiyo wakaunda QL, lori la kwanza la Bedford lenye nguvu katika magurudumu yote manne. La majaribio lilikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 1940, na mwaka 1941 kiwanda kikaanza kuyatoa kwa wingi. Mpaka mwaka 1945 yalikuwa zaidi ya 50,000.

Lilichukua mzigo wa tani 3. Injini yake ya petroli ilikuwa na silinda 6, lita 3 na nusu, na nguvu za farasi 72. Kijana wa leo atacheka, kwa maana motokari ndogo za siku hizi zinapita nguvu hiyo. Lakini lori lilikuwa na sanduku la pili la gia, na kwa gia ile ya polepole liliweza kupanda kilima chenye utelezi likiwa limejaa. Dereva alikaa mbele kabisa, kando ya injini, si nyuma yake. Hivyo lori lilikuwa fupi na nafasi ya mizigo ilikuwa kubwa.

Yalikuwa ya namna nyingi. Moja lilichukua mizigo, la pili askari. La tatu lilikuwa chumba cha simu ya upepo, la nne tangi la petroli, la tano lilivuta mzinga wa kupigia ndege. Juu ya kibanda cha dereva palikuwa na tundu la mviringo, ili askari asimame hapo na bunduki yake akiviziwa na ndege. Na chini, nyuma, ile nundu ya ekseli ilipakwa rangi nyeupe na kuangazwa na taa ndogo iliyofichwa. Kwa nini? Kwa sababu usiku taa kubwa zilifunikwa kwa kuogopa ndege. Dereva wa nyuma hakuona barabara. Aliona nukta ile nyeupe tu, akaifuata gizani.

WALIOYAENDESHA

Historia ya lori ni historia ya watu wasioandikwa sana katika vitabu. Viwandani wanawake wengi waliingia mahali pa wanaume waliokwenda vitani. Barabarani pia wanawake waliendesha. Mwaka 1945 hata binti wa mfalme, Elizabeth, yule aliyekuwa malkia mwaka 1952 na kufariki mwaka 2022, aliingia jeshi la wanawake lililoitwa ATS, akafundishwa kuendesha malori na kutengeneza injini.

Nasi Waafrika tusidhani kwamba habari hii ni ya Ulaya tu. Katika miji yetu ziko barabara zenye jina la Saio. Ni mahali pa nchi ya Habeshi, ambapo leo huitwa Dembidolo. Huko askari wa Kongo walipigana na Waitalia mwaka 1941, pamoja na jeshi la Waingereza wa Sudan, mpaka jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwao mwezi wa Julai. Lakini kabla ya siku hiyo ya furaha walikaa majuma mengi mbele ya adui wakipungukiwa chakula. Njia iliyotoka Kongo ilikuwa ndefu mno, mvua ikaharibu barabara, malori hayakuweza kupita vema. Wengine walishikwa na ugonjwa wa beriberi, ambao hutoka katika chakula kisichofaa. Hapo tunaona maana ya lori: likichelewa, mtu hodari hufa bila kupigwa risasi.

Vilevile askari wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana Burma mwaka 1944 katika divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, na waganga na wauguzi wa Kongo walikuwa na hospitali yao ya vita katika nchi hiyo hiyo. Wengi waliojifunza kuendesha na kutengeneza malori jeshini walirudi kwao na ufundi huo.

BAADA YA AMANI

Vita ilipokwisha, jeshi lilikuwa na malori kupita haja yake. Mengine lilibaki nayo miaka mingi, mengine likayauza kwa mnada. Yalinunuliwa na wakulima, wakata miti, wenye garaje na watu wa michezo wanaozunguka kutoka mji hadi mji. Mnunuzi hakutafuta historia. Alitafuta kitu cha kuchukua magogo. Alikata sanduku la nyuma, akatia winchi, akapaka rangi nyekundu au buluu. Lilipochakaa, aliliacha kando ya zizi, na majani yakaota kupitia sakafu yake. Mengi zaidi yaliyeyushwa katika tanuu yawe chuma kipya.

Tusiwalaumu watu hao. Lori liliundwa kwa haraka ya vita, nalo halikutazamiwa kuishi miaka 80. Kama mkulima asingalilipenda kwa kazi yake, lisingalibaki hata chasisi. Lakini yalipoanza kuwa haba, watu wachache walianza kuona kwamba kitu cha kawaida ndicho kinachopotea kwanza. Bendera ya jemadari huwekwa katika kabati la vioo. Sufuria ya mpishi wa askari hutupwa. Mwaka 1968 wenye motokari za jeshi walianzisha chama ambacho leo huitwa Military Vehicle Trust. Tena katika sikukuu za kukumbuka kushuka kwa majeshi pwani ya Normandie, kama mwaka 1994, 2004, 2014 na 2024, magari ya namna hiyo yalivuka bahari na kupita tena katika vijiji vya Ufaransa.

KUFUNGUA NA KUFUNGA

Sasa tuingie karakanani. Shida ya kwanza ni ukubwa. Bedford QL ina urefu wa karibu mita 6, na pamoja na turubai lake kimo chake ni karibu mita 3. Haingii katika banda la motokari ya kawaida. Wengi hujenga kibanda cha mabati, au hufanya kazi chini ya turubai, mvua ya Uingereza ikipiga juu yao.

Kazi haianzi na nyundo. Inaanza na daftari. Kabla ya kufungua kitu, fundi mwenye akili hupiga picha, huandika, hufunga kikaratasi juu ya kila waya na kila bomba. Nati na boloti huwekwa katika mikebe yenye majina. Asiyefanya hivyo, baada ya miaka miwili atakuwa na chumba kilichojaa vyuma asivyovijua.

Adui mkubwa ni kutu. Mabati ya kibanda cha dereva huoza chini, mahali maji yanapolala. Mbao za sanduku la mizigo huwa unga. Pistoni huganda ndani ya silinda. Hapo asiyejua hutumia nguvu, akavunja. Anayejua humimina mafuta mepesi juu ya pistoni, akangoja siku nyingi, akajaribu kuzungusha kidogo, akangoja tena. Wanaume waliokuwa wepesi wa hasira wamejifunza uvumilivu kwa injini moja iliyoganda.

Vyombo vya siku hizi havifai siku zote. Boloti za Kiingereza za zamani zilipimwa kwa inchi, na spana ya milimita huharibu vichwa vyake. Vipande vipya hupatikana kwa kuulizana: huyu ana sanduku la gia la ziada, yule anajua kuchonga mbao, mwingine anajua kushona turubai. Tena iko bahati moja: injini ya QL ni ya ukoo mmoja na injini za malori ya biashara ya Bedford, basi vipande vingine bado vinapatikana.

Iko hatari pia, nayo haina mchezo. Magurudumu ya malori mengi ya jeshi la Uingereza yalifanywa kwa vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa nati, ili askari aweze kubadili mpira bila vyombo vikubwa. Basi gurudumu lina nati za namna mbili: zile zinazolishika katika lori, na zile zinazoshika vipande viwili pamoja. Hizi za pili jeshi lilizipaka rangi nyekundu, maana yake: usiguse mpira ukiwa na upepo. Mtu akizilegeza kwa kudhani ni zile za kwanza, upepo ulio ndani hurusha chuma kama kombora, naye anaweza kufa pale pale. Tazama sasa: mtu mwingine amepaka gurudumu lote rangi ya majani, kwa uzuri. Ameficha onyo la uhai. Tena breki za kale zina asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na rangi za kale zina risasi, ambayo ni sumu. Fundi wa vita hakuyajua yote hayo. Wa leo anayajua, na hana udhuru.

RANGI NI KITABU

Tumesema kwamba rangi inaweza kuficha. Lakini rangi inaweza pia kufunua. Lori la jeshi lilipakwa mara nyingi, rangi juu ya rangi. Fundi akisugua mahali padogo kwa msasa laini na maji, bila haraka, rangi huonekana moja baada ya moja, kama duara katika gogo lililokatwa.

Ya juu labda ni ya mkulima. Chini yake huenda ikawa kijani cheusi chenye kung'aa, ambacho jeshi lilitumia baada ya vita. Chini tena ni kijani cha mzeituni cha mwaka 1944, ambacho Waingereza walikichagua ili magari yao yafanane na yale waliyopewa na Wamarekani, pasipo kuyapaka upya. Chini zaidi huja rangi ya udongo. Na hiyo ilitokea kwa nini? Kwa sababu madini ya kufanyia rangi ya kijani yalikuwa haba, yakahitajiwa kwa kazi nyingine. Na lori la mwanzo wa vita lina kijani chake cha kwanza chini ya zote. Mahali pengine hutokea nyota nyeupe, alama ya ndege za rafiki zisilipige lori. Au hutokea namba ya jeshi, yenye herufi L kwa malori, na kwa namba hiyo mtu anaweza kutafuta habari zake katika karatasi za zamani.

Basi mtu mwenye haraka akilipuliza lori lote kwa mchanga siku ya kwanza ili ling'ae, amechoma kitabu kabla ya kukisoma.

SHAHIDI ASISEME UWONGO

Sasa tumefika penye neno gumu. Lori limekwisha tengenezwa, na mwenyewe ataka kulipaka rangi ya mwisho. Atalipaka alama za nani?

Majaribu ni makubwa. Ziko divisheni zilizosifiwa duniani kote, na watu katika maonyesho hupenda kuona alama zao. Lakini huenda lori hili lilikaa vita yote katika kambi ya Uingereza, likichukua viazi na makaa. Mwenyewe akilitia alama ya divisheni ya jangwani, nani atajua? Watoto watapiga picha, magazeti yataandika, na baada ya miaka 30 hakuna atakayeweza kutenga kweli na mchezo. Tena aliyechukua viazi amenyang'anywa sehemu yake ndogo ya historia, akapewa mwingine ambaye tayari anayo nyingi.

Wako wanaojibu: mbona mbao ni mpya, waya ni mpya, mipira ni mipya, lori lenyewe ni nusu jipya, uwongo uko wapi? Neno hilo lina uzito. Kweli, lori lisilobadilishwa kitu haliwezi kutembea, na breki za kale zisizotengenezwa zitaua mtu barabarani. Sisi twaona tofauti ni hii. Kubadili ubao uliooza si uwongo, kama vile fundi wa jeshi alivyoubadili mwaka 1943. Uwongo ni kuficha kwamba umebadilishwa. Ndiyo maana mafundi wazuri huweka daftari lao pamoja na lori: hapa chuma ni cha kale, hapa ni kipya, namba hii tuliikuta chini ya rangi, alama hii hatukuikuta. Wengine huacha kipande kidogo cha bati bila kupakwa, rangi zote za kale zionekane. Pengo lililoko mlangoni, kama halidhuru, huliacha vile vile, maana aliyeligonga alikuwa mtu, naye alikuwa na safari yake.

Wengine huuliza pia: si afadhali vyombo vya vita vioze, watu wasahau kuuana? Twajibu kwamba kusahau hakujaleta amani po pote. Anayeupanda mgongo wa lori kama hili huona ubao mwembamba ambapo vijana walikaa bega kwa bega, bila kinga ya risasi, isipokuwa turubai la kitambaa. Hapo hakuna utukufu mwingi. Pana baridi, harufu ya petroli, na tundu la kutazamia ndege. Yeye aliyeona hayo hawezi kuimba vita kwa urahisi.

Kwetu Kongo fundi hutengeneza lori la kale kwa sababu mihogo inangoja kufika sokoni; Mwingereza hutengeneza la kwake kwa sababu kumbukumbu inangoja. Mikono ni ile ile, yenye mafuta na michubuko. Na sheria yao ni moja: lori lililofungwa vibaya husema kweli barabarani, hata kama rangi yake inang'aa. Kwa historia pia ni hivyo. Wazee waliokuwa madereva wa vita ile karibu wote wamekwisha kufa. Tangu sasa vitu vyao ndivyo vitakavyosema mahali pao, nasi twaombwa tusivitie maneno mdomoni.